Isale la Mpaka na Isale la Msamaha



Desemba inakaribia, na barabara ya kutoka Dar es Salaam itajaa magari ya ndugu zetu wanaopanda mlimani kula Krismasi. Wenyeji wa Moshi wanajua kinachofuata. Waamini watajaa kanisani hadi nje, mbuzi watachinjwa, mbege itanywewa, na kabla watu hawajarudi mjini, ukoo utakaa kikao. Hapo ndipo yanapozungumzwa ya mashamba. Vikao vingi ni vya heri, vinapatanisha ndugu na kusomesha watoto. Lakini sisi tunaosoma seminarini, ambao wengi wetu tumelelewa katika vihamba hivi, tunajua kwamba katika kikao cha namna hiyohiyo mjane anaweza kuingia akiwa na shamba na kutoka akiwa na ahadi.

Nabii Mika, sura ya 6 mstari wa 8, anataja mambo matatu ambayo Mungu anamdai mwanadamu: haki, huruma na unyenyekevu mbele zake. Tumezoea kuyahubiri moja moja, leo haki, Jumapili nyingine huruma. Mlimani kwetu upo mmea mmoja unaoyabeba kwa pamoja, nao ni isale.

Kwa msomaji asiye wa huku, isale ni mmea wenye majani marefu ya kijani, mgumu kufa. Ukikata tawi na kulichomeka ardhini linashika. Tangu zamani masale hupandwa mipakani. Ukiona mstari wake kati ya migomba, iwe Kibosho, Marangu au Rombo, jua kwamba hapo shamba la mtu limeishia na la jirani limeanza. Na jani la mmea huohuo ndilo analolibeba mtu aliyekosa anapokwenda kuomba msamaha. Kwa mila, aliyeletewa isale hatakiwi kukataa, hata kama kosa ni zito. Wazee wetu, kabla hawajasikia habari za Mika, walikuwa wameshaweka alama ya haki na alama ya huruma katika shina moja.

Shida yetu ni kwamba siku hizi isale la pili linatumika kulifuta la kwanza.

Tutoe mfano, ambao si wa nyumba moja. Mume amefariki mjini, amezikwa kihambani. Baada ya matanga shemeji wanamwambia mjane, “Wewe rudi mjini usomeshe watoto, sisi tutakutunzia shamba.” Mwaka unaofuata anapanda na wanawe kusafisha kaburi, anakuta masale yamesogezwa, migomba imekatwa, na msingi wa nyumba umeshachimbwa. Analia, analalamika kwenye jumuiya. Siku mbili baadaye shemeji mkubwa anafika na wazee wawili, isale mkononi. “Mama, tumekosa. Tusameheane, ni sikukuu.” Msingi uko palepale. Mama akisita, wanajumuiya wenyewe, watu wema wanaosali rozari kila siku, wanamgeukia yeye: umeletewa isale, unakataaje? Kuanzia saa hiyo mwenye kosa ni mjane. Ana moyo mgumu, hana Ukristo, anataka kuvunja ukoo.

Je, hiyo ni huruma? Darasani tunamsoma Mtakatifu Thoma wa Akwino, na baadhi yetu huona kurasa zake ziko mbali na maisha. Hapa haziko mbali. Katika Summa anauliza kama kurudisha kilichochukuliwa kwa dhuluma ni lazima kwa wokovu. Akimtegemea Agustino, anajibu kwamba ni lazima: anayeweza kurudisha asirudishe, toba yake ni ya kuigiza. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2412, inafundisha hivyohivyo na kumkumbusha Zakayo. Zakayo hakumwambia Yesu kwamba anajisikia vibaya. Alitaja kiasi: nusu ya mali kwa maskini, na mara nne kwa aliowadhulumu. Kuhusu mipaka yenyewe Maandiko hayakunyamaza. Kumbukumbu la Torati 27:17 inamlaani anayeondoa mpaka wa jirani yake, na Methali 23:10 inaonya juu ya kusogeza mpaka wa zamani na kuingia katika mashamba ya yatima.

Wapo watakaosema kwamba sisi vijana tumesoma vitabu tukasahau mila. Kihamba ni cha ukoo, makaburi ya mababu yako pale, na mjane akiolewa kwingine ardhi itakwenda kwa watu baki. Hofu hiyo ina sababu, hatuidharau. Vihamba vimegawanywa kizazi baada ya kizazi hadi vingine vimebaki kama uwanja wa mpira wa wavu, na kijana asiye na pa kujenga anaona kila mpaka ni adui yake. Lakini tuitazame mila yenyewe. Mila ilimwacha mjane mwenye wana akae kihambani, na ndugu wa mume wakawa walinzi wa watoto hadi wakue. Shemeji anayekata migomba ya yatima hafuati mila, anaivaa kama koti.

Palipo na ugumu wa kweli ni kwa mjane aliyezaa mabinti tu, na kwa binti anayebaki nyumbani bila kuolewa. Hapo mila ilikuwa kali, na Tangazo la Sheria za Mila la mwaka 1963 liliandika ukali huo: mjane hana fungu katika urithi ikiwa mumewe ameacha ndugu wa ukoo, na binti hawezi kuuza ardhi ya ukoo. Lakini mwaka 1990 Mahakama Kuu kule Mwanza, kwa hukumu ya Jaji Mwalusanya, ilisema mwanamke wa Kagera aliyerithi ardhi ya ukoo kwa baba yake ana haki ya kuiuza sawa na mwanamume. Na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kifungu cha 20, inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke kumiliki, kukalia au kutumia ardhi. Injili imehubiriwa mlimani hapa tangu wamisionari wa Roho Mtakatifu walipofika Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890. Ni aibu kidogo kwamba Bunge limesema kwa sauti jambo ambalo jumuiya zetu bado zinalinong’ona.

Na unyenyekevu je? Mara nyingi tunamhubiria aliyeonewa: mama, nyenyekea, yaache kwa Mungu. Lakini kwa mila anayelibeba isale ni mkosaji. Yeye ndiye anayetembea, yeye ndiye anayeinama, hata kama ni mzee wa ukoo na anayemwendea ni mke wa marehemu mdogo wake. Unyenyekevu ungemfikisha mbali zaidi ya sebuleni kwa mama huyo. Angekwenda naye mpakani, mchana, majirani wakiona, ang’oe masale aliyoyapanda na kuyarudisha yalipokuwa. Akishafanya hivyo, alete jani. Tunaamini wajane wengi wangelipokea kwa mikono miwili.

Tunawaomba viongozi wa jumuiya, WAWATA na UWAKA jambo dogo kwa Krismasi hii. Mkiitwa kusuluhisha, msimhimize mama kupokea isale kabla hamjakwenda shambani. Mwaliko ukiwa wa chai tu, ombeni kwanza mwonyeshwe mpaka. Chukueni mzee au bibi jirani anayeukumbuka, maana isale lililong’olewa vibaya huacha mzizi, na mvua zikinyesha huchipua. Kisha andikeni mliyoyaona, mashahidi watie sahihi, nakala moja abaki nayo mjane. Wazee wanaoikumbuka mipaka hiyo wanazidi kupungua, na wengi wao Desemba hii watakuwa nyumbani.