Deni la Madarasa si Aibu

Kila mwaka mpya unapoanza, shule nyingi za umma katika mitaa ya Eastlands hupokea watoto wengi kuliko nafasi zilizopo. Jambo hili si geni kwa mwalimu yeyote aliyefunza Makadara, Dandora au Kayole. Mwaka 2003, elimu ya msingi ilipofanywa kuwa ya bure, watoto walifurika madarasani kabla majengo hayajaongezwa. Mwaka 2023, Gredi ya 7 ilipoanzishwa katika shule zizo hizo za msingi, tuliyaona yale yale. Mara zote mbili nia ilikuwa njema. Lakini nia njema haiezeki paa wala haizibui choo.

Mimi ni mwalimu, na hoja yangu ni moja: majengo ya shule zetu hayawezi kukarabatiwa kwa fedha za muhula hadi muhula. Yanahitaji mkopo wa muda mrefu, nao uombwe kwa wananchi wenyewe kwa njia ya hatifungani. Serikali huwauzia watu hati za deni, hutumia fedha hizo katika mradi, kisha huwarudishia pamoja na riba baada ya muda uliokubaliwa.

Wako watakaoshtuka na kunikumbusha kwamba kukopa harusi, kulipa matanga. Methali hiyo naikubali, ila tusiisahau historia ya mitaa yetu. Dandora ilianza kwa deni. Mwaka 1975 Benki ya Dunia iliikopesha Kenya fedha za kupima viwanja 6,000 hivi na kuvitia maji na mabomba ya majitaka, na shule za msingi zikawekwa katika mpango uo huo. Deni lililojenga shule si sawa na deni lililoliwa.

Fedha ambazo serikali hutoa kwa kila mwanafunzi ni za matumizi ya kawaida ya shule. Hazina ya Maeneo Bunge, iliyoanzishwa mwaka 2003, imejenga madarasa mengi na inastahili shukrani, lakini hujenga moja hapa na jingine pale, kwa kadiri kamati ilivyoamua mwaka huo. Bomba la majitaka lililozikwa miaka 50 iliyopita halingoji zamu yake.

Ikumbukwe kwamba mzazi akikosa nafasi katika shule ya umma, humpeleka mtoto kokote kuliko na mlango wazi. Mnamo Septemba 2019 darasa la shule ya kibinafsi ya Precious Talent, huko Ng'ando, magharibi mwa jiji, liliporomoka na wanafunzi 8 wakapoteza maisha yao. Uhaba wa nafasi una gharama yake, na aghalabu huilipa mtoto.

Nchini Marekani, wilaya ya shule yenye haja kama hii huandaa orodha ya kazi na gharama zake, na katika majimbo mengi huwaendea wapiga kura. Wakikubali, hatifungani huuzwa na deni hulipwa kwa kodi ya ardhi na majengo. Wakikataa, wakuu hurudi kuirekebisha orodha. Utaratibu huo una kasoro moja kubwa: wilaya maskini hukopa kidogo. Kwa hivyo deni la shule za Eastlands lisiwe la Eastlands pekee. Libebwe na Nairobi nzima, kiwanja cha Karen kikisaidia darasa la Kayole.

Hapa kwetu ugumu ni wa kisheria. Zamani Baraza la Jiji lilitoza kodi ya ardhi na pia kusimamia shule za msingi. Katiba ya 2010 ilitenganisha mambo hayo: kaunti ikapewa shule za chekechea, nazo za msingi na sekondari zikawa za serikali kuu. Leo anayetoza kodi ya ardhi si mwenye shule. Hata hivyo mlango haukufungwa. Kifungu cha 187 huruhusu ngazi hizi mbili kukabidhiana majukumu kwa mapatano, nacho cha 212 huruhusu kaunti kukopa, mradi serikali kuu idhamini deni na bunge la kaunti liidhinishe.

Wala hatifungani si kitu kigeni kwa mwananchi wa kawaida. Mwaka 2017 serikali iliuza M-Akiba kupitia simu, kuanzia Sh3,000. Mauzo makuu yalikusudiwa kuleta Sh1 bilioni. Zikapatikana kama Sh247 milioni. Wapo waliosema mwananchi hana akiba. Mimi naona pia kwamba aliombwa fedha za miundomsingi bila kujua ni ujenzi gani hasa. Mzazi wa Jericho atanunua hati akijua ni paa lipi litakaloezekwa.

Ndiyo maana naweka masharti. Kwanza, orodha ya kazi za kila shule ibandikwe langoni kabla ya senti moja kuombwa. Pili, shule ipate hati miliki ya ardhi yake, tusije tukamjengea mnyakuzi. Tatu, fedha ziwe na akaunti yake na zikaguliwe na Mkaguzi Mkuu wa Serikali. Nne, fungu la ukarabati litengwe kila mwaka, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta.

Walimu wenzangu, nanyi wanafunzi, kazi ya kwanza haihitaji ruhusa ya waziri wala gavana. Hesabuni. Vyoo vinavyofanya kazi ni vingapi, na wanaovitumia ni wangapi? Ni madirisha mangapi yasiyo na vioo? Ni dawati moja kwa watoto wangapi? Somo la hesabu la juma moja latosha kuikamilisha orodha hiyo. Siku kiongozi atakapokuja kuomba kura, apokewe kwa orodha, kisha aulizwe atazipata wapi fedha na atazilipa lini.