Ukumbusho wa nani?

Wadau, nimerudi, ila nimerudi na aibu kidogo. Juzi nilikosolewa mchana kweupe, tena nyumbani Morogoro. Niliandika kwamba Mbaraka Mwinshehe alitoa albamu ziitwazo Ukumbusho. Mzee mmoja pale Msamvu akaniuliza, "Mwanangu, tangu lini mtu akajifanyia ukumbusho mwenyewe?" Nikabaki naangalia ukungu juu ya Uluguru, sina jibu.

Mbaraka alifariki Januari 1979 kwa ajali ya gari Mombasa. Zile santuri za Ukumbusho, toleo baada ya toleo, zilitoka Kenya baada ya hapo. Nyimbo ni zake, hilo halina ubishi. Lakini nani alichagua upi uingie, upi uachwe, upi ufungue? Si yeye.

Na kupanga si kazi ndogo jamani. Enzi zake watu walinunua santuri ndogo, wimbo mmoja umegawanywa pande mbili: huku maneno, ukigeuza ndipo gitaa linachachamaa. (Wazee wetu walikuwa na subira. Sisi tunaruka wimbo kabla ya kiitikio.) Mimi nina CD ya kudurufu niliyonunua barabarani, nyimbo kadhaa zinakatika gitaa likiwa ndio kwanza linaanza. Anayemjua Mbaraka kwa CD ile atasema alikuwa mwimbaji mzuri, basi. Mpiga solo hatamjua kabisa!

Najua mtasema nakuza mambo, kwamba bila wakusanyaji hawa tungebaki mikono mitupu. Kweli. Masimango, CD iliyotolewa Ujerumani na Dizim mwaka 2000, imewasikilizisha Morogoro Jazz watu ambao hawakuwahi kuiona jukwaani. Hata Barua za Shaaban Robert zilizotoka 2002, yeye alimwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge, si sisi. Nazipenda mno. Ila kitabu kile kinamtaja mhariri wake, Mulokozi, kwa hiyo najua nani kanipangia ninachosoma.

Msimamo wangu ndio huo: nyimbo tumhesabie Mbaraka, albamu tuwahesabie waliozipanga, na majina yao yaandikwe.

Makala yangu nimeshaisahihisha. Sasa namtafuta mwenye santuri ndogo za Super Volcano ambazo bado zinalia pande zote mbili. Ukimjua, niandikie. Soda juu yangu.