Kabla ya Kulipa, Zunguka Nyuma

Nakapanya haikuzoea ng'ombe. Kata hiyo ya Tunduru, mashariki mwa Ruvuma, huishi kwa korosho, na mbung'o wa mapori ya kusini wamewapa wafugaji taabu kwa vizazi. Mifugo mingi imeingia kanda hii miaka ya karibuni, hasa baada ya Serikali kuwaondoa wafugaji bonde la Usangu mwaka 2006 na kuwaelekeza Lindi na Pwani. Mkulima akitaka kugeuza fedha za korosho kuwa mitamba wawili, mara nyingi hana babu wa kumwonyesha ng'ombe anatazamwaje. Toleo hili limeandaliwa kwa ajili yake.

Mnadani watu hutazama mbele: pembe, rangi, nundu, unono. Jarida hili lina ubishi na mazoea hayo. Ng'ombe wa kuzaa hutazamwa nyuma kwanza.

Huko nyuma kuna mifupa miwili ya nyonga inayojitokeza kiunoni, na miwili ya makalio iliyo kandokando ya mkia. Ya makalio ikiachana vizuri, ndama hupata nafasi ya kupita. Ikiwa chini kidogo kuliko ya nyonga, kiuno huteremka taratibu kuelekea mkiani. Uchafu wa baada ya kuzaa hutoka wenyewe na mkojo hautuami ukeni. Ng'ombe ambaye makalio yamepanda juu kuliko nyonga anaweza kupendeza machoni, lakini huyo ndiye aliye hatarini kubaki na uchafu, mfuko wa uzazi ukaambukizwa na mimba zikawa hazishiki.

Zebu wetu wa pembe fupi wana mteremko huo kwa asili, na ndama wao huzaliwa na kilo 20 hivi. Si ajabu kwamba wapo wafugaji ambao hawajawahi kumvuta ndama kwa kamba. Shida huanza pale mtu anapotaka maziwa mengi. Mbegu za Friesian, zinazopatikana kupitia Kituo cha Taifa cha Uhimilishaji cha Usa River, Arusha, ni za ukoo ambao ndama wake hukaribia kilo 40. Hapo maumbile yana huruma kidogo: jike wa jamii ya zebu huzuia ndama asikue kupita kiasi tumboni, hata baba akiwa mkubwa. Huruma hiyo ina mpaka. Haimwokoi mtamba aliyepandishwa kabla ya kufikisha asilimia 60 hivi ya uzito wake wa utu uzima. Kwa mimba ya kwanza, mhariri angechagua Jersey, ambaye ndama wake ni mdogo, na angevumilia kejeli za majirani.

Wabelgiji wamefika mbali kwa kutazama nyama peke yake: ng'ombe wao wa Belgian Blue wana misuli kiasi kwamba wengi mno huzalishwa kwa kupasuliwa. Nani wa kumpasua ng'ombe Nakapanya saa nane za usiku?

Jan Bonsma wa Afrika Kusini, aliyeanza kuunda aina ya Bonsmara mwaka 1937, alifundisha watu kusoma uzazi hata kwenye shingo na manyoya. Jike mwenye shingo nene na mabega ya dume alimshuku. Alikuwa na jicho kali, lakini wanafunzi wa jicho wasisahau kwamba sehemu ndogo tu ya tofauti za uzazi kati ya ng'ombe na ng'ombe hurithiwa. Kubwa ni malisho, magonjwa na matunzo. Aliyezaa akiwa mbavu nje huchelewa sana kuingia joto tena. Aliyenona mno hujaza mafuta nyongani na kubana njia ileile iliyosifiwa. Na ugonjwa wa kutupa mimba haumwekei ng'ombe alama kiunoni.

Yuko pia mtamba anayewadanganya hata wajuzi: pacha wa dume. Damu zao huchanganyika tumboni mwa mama, na zaidi ya tisa katika kumi wa mitamba hao ni tasa. Hukua vizuri, hunenepa, na nyonga zao zinaweza kuwa pana. Muuzaji si rahisi alitaje jambo hilo mwenyewe, basi aulizwe waziwazi: huyu alizaliwa peke yake, au na nani?