NASAHA ZA MWEZI: Kijana wa Kampala katika Bunge la New York





Katika mabaraza yetu hapa Muscat, aghalabu baada ya sala ya Ijumaa, husikika kauli hii: "Sisi watu wa kuja, mambo ya utawala hayatuhusu." Hata vijana waliozaliwa hapa, wenye uraia kamili, huirithi kauli hiyo kwa wazazi wao. Mwezi huu tumeonelea tuipime kwa kuutazama mwendo wa kijana mmoja wa Afrika Mashariki.

Zohran Kwame Mamdani alizaliwa Kampala tarehe 18 Oktoba 1991. Baba yake, Profesa Mahmood Mamdani, alikuwamo miongoni mwa Waasia waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972. Sisi tunaoikumbuka Unguja ya 1964 hatuna haja ya kufafanuliwa jambo hilo. Kijana huyu alihamia Cape Town akiwa na miaka 5, na New York akiwa na miaka 7. Uraia wa Marekani hakuupata ila mwaka 2018.

Kabla ya kuingia bungeni, kazi yake ilikuwa kuwashauri wakazi wa Queens ambao nyumba zao zilikaribia kunyang'anywa kwa sababu ya madeni. Huko ndiko alikoisomea siasa, kwa watu wenye barua za benki mikononi.

Mwaka 2020, akiwa na miaka 29, alichaguliwa mjumbe katika baraza la chini la Bunge la Jimbo la New York, kwa eneo la Astoria. Hapa Oman angalilazimika kungoja, kwani mgombea wa Majlis ash-Shura sharti awe ametimiza miaka 30.

Mwaka uliofuata likazuka suala la madereva wa teksi. Wengi wao ni wahamiaji, na si haba walio Waislamu. Walikuwa wamekopa mamia ya maelfu ya dola kununua vibali vya teksi, kisha thamani ya vibali ikaporomoka, deni likabaki pale pale. Walipogoma kula kwa siku 15, mjumbe huyu aligoma kula pamoja nao. Hatimaye mji ulikubali mpango wa kuyapunguza madeni hayo hadi yasizidi dola 170,000. Husemwa kuwa dawa ya deni ni kulipa. Walakini deni lisilolipika humhitaji mtu wa kusimama na mwenye nalo.

Si kila alilolitaka lilisimama. Mwaka 2023 alisaidia kupatikana kwa majaribio ya mabasi ya bure katika njia 5. Mwaka 2024 majaribio hayo yakakoma bila kuendelezwa. Wapinzani wake walimlaumu kwa uchache wa miswada yake iliyokuwa sheria na kwa uchanga wa uzoefu, na lawama hiyo haikukosa msingi. Hata hivyo, tarehe 4 Novemba 2025 wakazi wa New York walimchagua kuwa Meya wao, na tarehe 1 Januari 2026 akala kiapo kwa Qur'ani Tukufu, Mwislamu wa kwanza kushika cheo hicho.

Hatusemi kwamba kila rai yake ni yetu, wala kwamba kila mtoto awe mwanasiasa. Tunalolisema ni kwamba tusiwarithishe watoto woga wetu. Raia wa Oman aliyetimiza miaka 21 ana kura ya Majlis ash-Shura, na tangu 2012 anayo ya mabaraza ya manispaa pia. Naye asiye na kura anaye jirani asiyeweza kuusoma mkataba wake wa kazi. Na aanzie hapo, kwani kijana wa Kampala naye alianzia kwenye karatasi za watu wengine.

Wabillahi tawfiq.