Senti za Mstari Zinaliwa na Nani?

Pendekezo la kifungu kipya katika kanuni za chama chetu kuhusu kazi za mtandaoni limegawa wanachama, na ugomvi wenyewe umekwenda kombo. Wanaonukuu kwa maandishi sauti za madaktari wa nje wanabishana kama aliye Kigali alipwe sawa na mwenzake wa Nairobi. Kifungu hakisemi hivyo. Kinasema kwamba mwanachama anayewaletea wenzake kazi ya kunukuu ataje, kabla faili la kwanza halijafunguliwa, mteja analipa kiasi gani kwa mstari na kazi imepita mikono mingapi. Kisomeni kifungu chenyewe, si muhtasari unaozunguka kwenye simu.

Hoja kwamba malipo yafuate mahali haikuzuka hewani. Amri za mishahara za Kenya humpa mpiga chapa kima cha chini kimoja akiwa miji mikubwa kama Nairobi, Mombasa au Kisumu, na kidogo zaidi akiwa miji midogo au mashambani. Lakini amri hizo zinamhusu mwajiriwa. Mnukuzi wetu hulipwa kwa mstari, ambao katika biashara hii kwa kawaida ni herufi 65 pamoja na nafasi, na herufi hizo ni zilezile zikichapwa Kigali, Arusha au Manila. Daktari akimeza maneno akitaja kipimo cha dawa, aliyeko Kigali hurudisha sauti nyuma sawa na aliyeko Florida, na nukta ikikosewa kwenye miligramu, anayeumia ni mgonjwa yuleyule. Tofauti basi inakwenda wapi? Kisa cha mwaka 2003 cha hospitali ya Chuo Kikuu cha California, San Francisco, kinajibu. Kwa mujibu wa magazeti ya huko, hospitali ililipa takriban senti 18 kwa mstari. Kazi ikapita kampuni ya California, ikaenda Florida, kisha Texas, ikaishia Karachi kwa mnukuzi aliyeahidiwa senti 3. Alipokosa kulipwa alitishia kuanika rekodi za wagonjwa kwenye intaneti. Tishio lile halitetewi na yeyote hapa, ila hesabu inabaki palepale: zile senti 15 hazikupunguzwa na unafuu wa maisha ya Karachi. Zilibaki njiani.

Wapo wanaosema tukiuliza bei, mteja atahamia India au Ufilipino. Kazi hii ilifika huko siku nyingi, na swali letu linamhusu dalali anayeileta kazi; mteja hata halisikii. Wengine wanasema programu za kutambua sauti zitaimaliza kazi yote. Zimeipunguza kweli, na kwa wengi kilichobaki ni kuhariri rasimu ya mashine kwa bei ya chini. Hapo ndipo dalali hupata mwanya: hulipa bei ya kuhariri kwa rasimu mbovu inayobidi kunukuliwa upya mwanzo mwisho. Hoja ya tatu, kwamba kutaja haya ni kutoa siri ya biashara, ndiyo dhaifu kuliko zote. Sheria ya Rwanda ya mwaka 2021 ya ulinzi wa data binafsi inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na asiyejua faili limetoka kwa nani hawezi kujua anawajibika kwa nani.

Sasa kura na akidi, maana hapa ndipo tunapokwama kila mara. Kanuni hazibadilishwi kwa kelele. Zinataka kura za theluthi mbili ya waliohudhuria ambao wamelipa ada, na mkutano uliopita uliahirishwa kwa sababu watu walitia sahihi, wakanywa chai, wakaondoka kabla ajenda haijafikiwa. Baadhi ya waliopaza sauti zaidi hawamo kabisa kwenye daftari la Mweka Hazina! Asiyeweza kufika kwenye mkutano wa Jumamosi atume mwakilishi kwa barua yenye sahihi, na mwakilishi mmoja abebe barua moja tu, aikabidhi kwa Katibu kabla mkutano haujafunguliwa. Picha ya barua kwenye simu haitapokelewa. Ada ilipwe ifikapo Ijumaa jioni. Itakayolipwa mlangoni Jumamosi itaandikiwa stakabadhi, lakini haitampa mtu kura.