Kura ya Rais Isipitie Mkono wa Pili

Linapozungumzwa suala la kumpata Rais, husikika rai kwamba kura ya moja kwa moja inawagawa watu. Wenye rai hiyo wanaona ni salama zaidi wananchi wachague wajumbe wachache, na wajumbe hao ndio wamchague Rais kwa niaba yao. Rai hiyo haifai kubezwa. Hoja zake ni mbili: kwamba wajumbe huamua kwa utulivu zaidi kuliko umma, na kwamba sehemu ndogo ya nchi haimezwi na sehemu kubwa.

Hata hivyo, sisi wa Unguja hatuwezi kuipima rai hiyo kana kwamba hatuna historia. Katika uchaguzi wa Julai 1963, Chama cha Afro-Shirazi kilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura zote. Lakini serikali haikuundwa kwa hesabu ya kura, bali kwa hesabu ya viti. ASP kilipata viti 13 kati ya 31. ZNP na ZPPP, vilivyoungana, vikapata 18 na kuunda serikali. Uhuru ulikuja tarehe 10 Desemba mwaka huo, na Mapinduzi tarehe 12 Januari 1964. Mapinduzi yalikuwa na sababu nyingi na za kina zaidi ya hiyo. Lakini walio wengi wakiambiwa kuwa wameshindwa, hawaridhiki kwa kuelezwa mipaka ya majimbo.

Wajumbe wa kumchagua Rais wangeturudisha papo hapo. Mwenye kuchora mpaka wa jimbo angekuwa na nguvu kuliko mwenye kupiga kura. Marekani, yenye wajumbe 538, imeyaona hayo: mwaka 2000, na tena mwaka 2016, aliyepata kura nyingi za wananchi hakuupata urais.

Ama huo utulivu wa wajumbe, tuitazame Somalia. Mwaka 2016 na 2017, wajumbe 14,025 walichagua wabunge, na wabunge wakamchagua Rais. Nchi ile ilikuwa na udhuru wa vita. Pamoja na hayo, malalamiko ya kununuliana kura yalitapakaa. Ni rahisi kuwahonga watu hamsini na mmoja wa kiti kimoja kuliko kuihonga nchi nzima.

Hoja ya sehemu ndogo ni nzito, na sisi tunaielewa kuliko wengi. Katika sensa ya 2022, Zanzibar ilikuwa na watu wapatao milioni 1.9 kati ya milioni 61.7 wa Tanzania nzima. Lakini Katiba ya Muungano imeijibu hoja hiyo bila ya kumnyang'anya mtu kura yake: Rais akitoka upande mmoja, Makamu wa Rais hutoka upande wa pili. Kenya nayo, katika Katiba ya 2010, inamtaka mshindi apate zaidi ya nusu ya kura zote, na angalau robo ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti zake 47. Ulinzi upo, na kura inabaki mikononi mwa mwenyewe.

Ni kweli kwamba vyama huteua wagombea wao kwa vikao vya wajumbe. Hilo ni jambo la wanachama. Kuteua si kuamua. Hukumu ya mwisho ni ya wananchi wote.

Zanzibar ilipiga kura ya kumchagua Rais wake kwa mara ya kwanza mwaka 1980. Mgombea alikuwa mmoja, Ndugu Aboud Jumbe, na jibu lilikuwa Ndiyo au Hapana. Hata hivyo, tangu siku hiyo mkulima wa Tunguu ameulizwa yeye mwenyewe. Haki hiyo haikurudi nyuma.

Walimu na watumishi wa serikali ndio wanaokaa vituoni siku ya kura. Tunawakumbusha kwamba dawa ya uchaguzi wenye mvutano si kupunguza wapigaji kura. Dawa ni daftari safi, hesabu ya wazi na msimamizi asiyeyumba. Wananchi wakiiamini hesabu, hawatahitaji wa kuwachagulia.