Medali Huchakaa, Ujuzi Hauzeeki

Kila yanapomalizika mashindano ya roboti baina ya wanafunzi, swali la kwanza linaloulizwa ni hili: nani ametwaa medali? Swali hilo ni la haki, lakini si kubwa. Kubwa ni kujua vijana wamerudi nyumbani na ujuzi gani, na sisi wakubwa tumewaandalia nini.

Tuchukue msimu wa mwaka 2017. Mwezi wa Julai mwaka huo, wanafunzi wa nchi zaidi ya 150 walikutana mjini Washington, Marekani, katika mashindano ya kwanza ya FIRST Global, yaliyoasisiwa na mvumbuzi Dean Kamen. Kazi yao ilihusu maji safi. Roboti zilitakiwa kukusanya mipira na kuitenganisha: ya buluu iliwakilisha maji, ya rangi ya chungwa iliwakilisha uchafu. Mataifa matatu yalisimama upande mmoja dhidi ya mengine matatu, na ushirika huo ulibadilika kutoka mchezo hadi mchezo. Mpinzani wa asubuhi aliweza kuwa mshirika wa jioni. Hilo ni funzo la kwanza: anayemnyima mwenzake spana leo, kesho atajikuta amejinyima mwenyewe.

Funzo la pili lilitoka kwa wasichana sita wa mji wa Herat, Afghanistan. Vifaa vyao vilikwama forodhani kwa muda mrefu, wakabakiwa na siku chache za kuunda roboti kuliko wenzao. Tena walinyimwa viza mara mbili. Vijana wa Gambia nao walinyimwa viza kabla ya kuruhusiwa. Wasichana hao wa Herat waliruhusiwa zikiwa zimesalia siku chache tu, wakaenda, wakarudi na medali ya fedha ya ushujaa.

Kama mambo yangaliishia hapo, ingalikuwa habari ya siku moja. Lakini mwaka 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipoingia Herat na mashine za kuwasaidia wagonjwa kupumua zikawa adimu, kikundi hicho cha wasichana kilianza kuunda mashine ya namna hiyo kwa bei nafuu. Walitumia mota ya gari aina ya Toyota Corolla na mnyororo wa pikipiki. Mikono iliyozoea kufunga na kufungua roboti haikusubiri kontena kutoka ng'ambo. Hapo ndipo wahenga walipopatia waliponena kuwa ujuzi hauzeeki.

La kusikitisha ni yaliyofuata. Mwezi wa Agosti 2021 utawala wa Kabul ulibadilika, na baadhi ya wasichana hao wakaondolewa nchini, wengine wakipokewa Qatar na wengine Meksiko. Mwezi uliofuata shule za sekondari zilipofunguliwa, zilifunguliwa kwa wavulana peke yao. Taifa lililokuwa na mafundi wake chipukizi liliwapoteza, si kwa kukosa vipaji, bali kwa kufungiwa milango.

Sisi tuliolelewa katika nidhamu ya kijeshi tunafahamu kwamba gwaride si vita, na kombe si ushindi. Gwaride hupimwa siku ya dharura. Kadhalika roboti inayofungiwa kabatini baada ya picha kupigwa ni mzigo wa chuma tu. Walimu hawana budi kuifungua tena, ili wanafunzi wa kidato cha chini wajifunze kuitengeneza inapoharibika.

Nao wenye mamlaka wana wajibu wao. Sanduku la vipuri vya wanafunzi lisilale forodhani hadi msimu upite. Barua ya mwalimu mkuu isizungushwe meza hadi meza. Na mlango wa karakana usimbague mtoto wa kike. Vijana wetu wametimiza wajibu wao wa kujifunza; tusiwe sisi wakubwa tunaowakwamisha.